Nani Mzushi?

Msomaji, ninakuletea mashitaka. Mshitakiwa si mtu bali ni neno, na neno lenyewe ni "mzushi". Umelisikia msikitini au kanisani, umelisikia barazani kwa wazee, na yamkini umewahi kulitamka mwenyewe ulipochoka kujibizana na mwenzako. Tazama lilivyoundwa. Kuzua ni kutoa jambo ambalo halikuwapo. Basi Kiswahili kimemfunga kwa kamba moja yule aletaye fikira mpya na yule asemaye uongo. Waarabu husema bidaa, yaani jambo jipya. Wayunani, ambao Wakristo wa Ulaya waliazima neno lao, walisema hairesis, na maana yake ya kwanza haikuwa na ubaya wowote: ilikuwa ni kuchagua. Kwa hiyo mtu yule yule, kwa kosa lile lile, Myunani atamwita mwenye kuchagua, Mwarabu atamwita mwenye jipya, na sisi tutamwita mwongo. Naona sisi ndio tuliokuwa wakali kuliko wote.

Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu hapa Garissa, na nyumba yangu iko Iftin, mtaa ambao jina lake kwa Kisomali maana yake ni mwangaza. Kazi yangu mojawapo ni kuketi nyuma ya darasa, daftari mapajani, nikiwatazama walimu wanafunzi wakifanya mazoezi ya kufundisha. Siku moja, katika shule ambayo sitaitaja, kijana wetu alikuwa akisomesha habari za masheikh walioeneza dini katika Afrika ya Mashariki. Akamtaja Sheikh Uways wa Barawa, akasema ya kuwa aliuawa. Msichana mmoja akanyosha mkono, akauliza, "Mwalimu, waliomwua walikuwa wakisali?" Mwalimu akajibu kuwa walikuwa wakisali. "Basi walimwua kwa nini?" Chaki ikasimama ubaoni. Kisha akasema, "Keti chini. Hayo ni maneno ya uzushi." Msichana akaketi, na kwa muda wote uliobaki hakunyosha mkono tena.

Nilipomwuliza kijana baadaye, alinipa jibu ambalo nimekwisha kulisikia kwa watu wazima wengi, na baadhi yao wenye vyeo: ya kuwa magomvi ya dini hayafai kufunzwa vijana, kwani yatawavuruga. Insha hii ni jibu langu kwake na kwa hao wote. Nasema wamekosa. Nasema pia kwamba kinachowavuruga vijana ni kule kunyamaza, na ushahidi wangu nitautoa katika kisa kile kile alichokikimbia.

Sheikh Uways bin Muhammad alizaliwa mwaka 1847 Barawa, mji wa pwani ya Somalia ambao wenyeji wake husema Chimiini, Kiswahili cha namna yao. Hakutoka katika ukoo mkubwa. Alisafiri mpaka Baghdad, mji wenye kaburi la Abdulqadir al-Jilani, akapata huko idhini ya kuongoza tariqa ya Qadiriyya, akarudi kwao katika miaka ya mwanzo ya 1880. Alitunga mashairi kwa Kiarabu, kwa Kisomali na kwa Chimiini, ili mchunga ngamia na mke wa mvuvi nao wapate kuimba dini yao kwa maneno wanayoyaelewa. Alifika Unguja katika utawala wa Sayyid Barghash, na akapokewa kwa heshima.

Hebu tua hapa kidogo. Barghash alikuwa Muibadhi. Kwa karne nyingi Waislamu wengine wamewaita Waibadhi kuwa ni Makhawarij, yaani watu waliotoka, jina ambalo Waibadhi wenyewe wanalikataa. Basi mtawala ambaye madhehebu yake yaliitwa ya watu waliotoka alimfungulia mlango sheikh wa Kishafii, na kutoka Unguja wanafunzi wa sheikh huyo waliichukua Qadiriyya mpaka Tanganyika na mashariki ya Kongo, kwa njia zile zile zilizopitisha pembe na watumwa. Sultani angeweza kumzuia kwa neno moja. Hakulisema neno hilo, na hakuna kitabu cha shule nilichokisoma ambacho kimemsifu kwa kutolisema.

Kwa upande wa pili alisimama Sayyid Muhammad Abdullah Hassan, ambaye Waingereza, kwa kukosa adabu, walimwita Mullah mwenda wazimu. Yeye alikwenda Makka, akaingia tariqa mpya ya Salihiyya mikononi mwa mwasisi wake, Sheikh Muhammad Salih, na mwaka 1895 alikuwa Berbera akihubiri. Alikataza mirungi. Alikataza pia jambo lililokuwa kubwa zaidi, nalo ni kuwaomba mawalii waliokufa wawe wasita baina ya mja na Mola wake. Watu wa Qadiriyya waliliona jambo hilo kuwa jema na la kale. Hilo ndilo shina la ugomvi, walakini matawi yake yalikuwa ya siasa: Sayyid alipigana na Waingereza, Waitaliani na Wahabeshi tangu mwaka 1899 hata mwaka 1920, na kila asiyemfuata alimdhania kuwa amejiuza kwao. Simdharau mtu huyu. Washairi wa Kisomali waliomfikia ni wachache mno, na wasomi wa taifa lake wangali wanazikariri beti zake. Zama za Siad Barre alisimamishiwa sanamu mjini Mogadishu, juu ya farasi. Sijui angesema nini juu ya sanamu hiyo mtu aliyekataza watu kutukuza makaburi.

Pande zote mbili zilikamata kalamu. Uways alitunga mashairi ya kuwashutumu Salihiyya, nao hawakushindwa kujibu, na kila upande ukatangaza kuwa ule wa pili umetoka katika dini. Tarehe 14 Aprili 1909 kikosi cha Salihiyya kilimfikia Uways katika kijiji cha Biyoley, bara ya Somalia ya kusini, kikamwua. Alikuwa mzee wa miaka 62 hivi.

Sasa sikiliza lililotokea mwaka ule ule. Ilifika kutoka Makka barua ya Sheikh Muhammad Salih, mwalimu wa Sayyid, ikimkemea mwanafunzi wake kwa umwagaji wa damu na kumkana. Wakoloni walikuwa na mkono katika kuitafuta barua hiyo, hilo halifichiki. Lakini ilikuwa na nguvu ya kutosha hata wengi katika wafuasi wa Sayyid wakamwacha. Kwa hiyo katika mwaka mmoja mtu yule yule alikuwa msimamizi wa haki aliyewaondosha wengine katika dini, na papo hapo mpotofu aliyeondoshwa na mwalimu wake mwenyewe. Niambie, msomaji, mwaka 1909 mzushi alikuwa nani?

Watu wanaoliogopa swali hilo hukimbilia hoja ya ugeni. Husema, "Fikira hizi si zetu, zimetoka nje." Haya, tuipime. Qadiriyya ilitoka Baghdad. Salihiyya ilitoka Makka. Zote mbili zilivuka bahari, zote mbili zilipanda ngamia, na zote mbili ziliwakuta Wasomali ambao Uislamu wao wenyewe uliwafikia zamani kwa vyombo vya bahari ile ile. Mwenye kuufunga mlango wa forodha ili uzushi usiingie atalazimika kwanza kuirudisha dini yake ilikotoka.

Wala usidhani kuwa maradhi haya ni ya Waislamu, au ya Afrika. Miaka 700 kabla ya Biyoley yaliuangamiza mji mzima wa Wakristo. Katika karne ya 10, nchini Bulgaria, padri aliyeitwa Bogomil alihubiri kuwa dunia hii ya nyama na udongo ni kazi ya yule mwovu, na ya kuwa misalaba, makanisa ya mawe na mali za maaskofu hazimfai mtu kitu. Mafundisho hayo yakafika Constantinople, ambako kiongozi wao mmoja, Basil, alichomwa moto mwanzoni mwa karne ya 12. Katika karne hiyo hiyo watu wenye itikadi iliyofanana na hiyo wakaonekana Italia ya kaskazini na kusini ya Ufaransa. Wataalamu wengine husema mafundisho yalisafiri kutoka mashariki pamoja na wafanya biashara, mahujaji na askari wa Vita vya Msalaba. Wengine hushikilia kuwa sehemu kubwa ilizaliwa huko huko magharibi, na ya kuwa kanisa kubwa la wazushi lilikuwa zaidi katika vichwa vya waliowawinda. Sisi tunawaita Wakathari kwa kuwafuata adui zao. Wao walijiita watu wema tu, au Wakristo wema. Habari za kwanza tulizo nazo juu ya Bogomil naye ziliandikwa na padri Cosmas, aliyeshika kalamu makusudi ili kumpinga. Fikiri, wewe, habari zako zihifadhiwe na adui yako peke yake!

Mwezi wa Julai 1209 jeshi lililotumwa na Papa Innocent wa Tatu lilifika mbele ya mji wa Béziers, kusini ya Ufaransa. Askofu wa mji akaingia ndani na orodha ya majina zaidi ya 200 ya watu walioshukiwa uzushi. Akawaambia Wakatoliki wawatoe watu hao, au sivyo watoke wao wenyewe waokoke. Wakatoliki wa Béziers wakakataa. Hawakuwa wamebadili itikadi. Waliokuwamo katika orodha ile walikuwa jirani zao. Tarehe 22 Julai mji ukaingiwa, na upanga haukuuliza nani ni nani, hata makanisani. Mjumbe wa Papa aliandika kuwa waliouawa ni karibu 20,000. Huenda aliizidisha hesabu, lakini aliiandika kama mtu aletaye habari njema.

Kila nikifika kwenye orodha ile mawazo yangu hurudi hapa. Tarehe 2 Aprili 2015, katika chuo kikuu cha mji huu wa Garissa, watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi, na wauaji walikuwa wakiuliza dini ya mtu kabla ya kufyatua risasi. Miezi minane baadaye, tarehe 21 Desemba, basi lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Mandera lilisimamishwa karibu na El Wak. Wenye bunduki wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Wanawake waliwapa wenzao mitandio wajifunike, na mwalimu Salah Farah, aliyekuwa miongoni mwa waliokataa, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Abiria wale, nina hakika, hawakuwa wamesoma habari za Béziers. Ila wauaji walikuwa wamesoma. Walikuwa wamefunzwa somo moja tu kwa bidii kubwa, la kuwakufurisha watu, na walifunzwa na walimu ambao hawakuliogopa somo lao. Wenye somo jingine ndio tuliokuwa tukiwaambia watoto waketi chini. Wauaji wa namna hiyo hawakuanza na Wakristo, wala hawakukomea kwao: tangu mwaka 2008 makaburi ya masheikh wa Kisufi yalivunjwa katika Somalia ya kusini, na wenye kuyazuru wakaitwa washirikina.

Kijana wetu alinipa hoja ya mwisho, na kwa kuwa ni hoja nzuri sitaificha. "Basi, Mwalimu," alisema, "wataka kuniambia kuwa hakuna haki wala batili, na kila mtu aseme alitakalo?" Hasha. Mafundisho ya Bogomil kwamba mwili ni kazi ya mwovu siyakubali hata kidogo. Aliyemwona mama akimwogesha mtoto mchanga hawezi kuyakubali. Naweza kulisema hilo, nikatoa sababu, nikajibiwa, nikajibu. Kumwambia mtu "umekosa" kunanitwika mzigo wa kuonyesha alipokosea. Kumwita mzushi hakunitwiki mzigo wowote, na ndiyo maana neno hili linapendwa na wavivu. Kijana alinitazama, akacheka kidogo, akasema kuwa siku ile alikuwa amebakiwa na dakika 15 na alikuwa hajui jibu. Nilimpenda kwa kusema hivyo. Nadhani wengi katika hao waliochoma watu moto nao walikuwa hawajui jibu.

Jibu lenyewe si gumu, wala halipiti dakika 15. Waliomwua Sheikh Uways walikuwa wakisali. Waligombana naye juu ya swali hili, kama inafaa kumwomba walii aliyekufa akuombee kwa Mungu, na palikuwa na vita nchini, na kila upande uliona kuwa neno lake ndilo la mwisho. Kisha mwite msichana yule mbele asimame upande wa Uways, na jirani yake asimame upande wa Sayyid, kila mmoja atoe hoja zake, na baadaye wabadilishane pande. Muhula ujao kijana wetu anarudi katika shule ile ile. Nimemwandikia swali la msichana juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari lake la maandalio, kwa wino mwekundu.