Ituri: Kijana anayetoka porini anahitaji fundi wa kumtazama

Mjini Bunia si ajabu kukuta watoto wamejigawa makundi mawili, mmoja ameshika kijiti kama bunduki, mwingine anaanguka na kujifanya maiti. Wazazi wengine hucheka, wengine hukaripia. Ituri inaujua mchezo huo. Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) huko La Haye ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 katika FPLC, jeshi la kundi lake la UPC, na kuwatumia vitani mwaka 2002 na 2003. Alihukumiwa miaka 14. Kadogo wa wakati ule leo ni watu wazima, wengine wana watoto wao.

Mtoto anaiga vipi? Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Parma, Italia, timu ya Giacomo Rizzolatti ilikuwa ikipima ubongo wa nyani. Chembe fulani ziliamka nyani aliposhika kitu, zikaamka pia alipomtazama mwingine akishika, mkono wake mwenyewe ukiwa umetulia. Zikaitwa niuroni kioo. Mwaka 2010, watafiti wa California walitangaza kwamba wamepima chembe za namna hiyo kwa binadamu, wagonjwa wa kifafa waliokuwa wakitibiwa.

Tangu hapo niuroni kioo zimebebeshwa kila mzigo: huruma, lugha, utamaduni, hata ukatili. Ni kupita kiasi. Mwaka 2014 Mmarekani Gregory Hickok aliandika kitabu kizima kuyapinga madai hayo. Nyani wenyewe wanazo chembe hizo, na bado si hodari wa kuiga. Kwa hiyo anayesema kwamba kijana aliyekulia vitani ubongo wake umekwisha kuharibika, asiitaje sayansi.

Kuiga kwenyewe hakuna ubishi. Msichana wa Mudzipela anajua kutwanga sombe kwa sababu alimtazama mama yake. Fundi wa pikipiki, seremala, kinyozi, wote walianza kwa kukaa pembeni na kutazama. Macho yaliyojifunza kufungua bunduki na kuifunga yanaweza kujifunza kupima mbao.

Hapa ndipo suala la pesa linapoingia. Desemba 2017 majaji wa ICC walipanga fidia ya dola milioni 10 kwa wahanga wa kesi ya Lubanga, na tangu 2021 serikali ina mpango wa P-DDRCS wa kuwapokonya wapiganaji silaha na kuwarudisha katika jamii. Kijana akipewa cherehani na cheti cha mafunzo ya wiki chache, amepewa chombo tu, na njaa ikibisha hodi chombo hicho kitauzwa sokoni. Afadhali vifaa vipungue nusu, kijana akae mwaka mzima kando ya fundi anayelipwa kwa kumfundisha, tena fundi wa mtaa wake, ambaye majirani wanamheshimu.

Na wale wa vijiti hawajaenda porini bado. Lakini kila shambulio linapotokea Djugu au Irumu, picha za maiti zinazunguka katika simu, na simu hizo zinashikwa na watoto hao hao. Wakuu wa mitaa, walimu na wachungaji wanaweza kuomba zifutwe wiki hii, bila kungoja bajeti ya Kinshasa.