Taya Likivimba, Usikimbilie Kung'oa Jino

Taya likivimba wengi wetu hulilaumu jino. Mtu hununua vidonge vya antibiotiki vya siku mbili tatu dukani, na uvimbe usipopungua huenda akang'olewa. Sikatai, mara nyingi jino ndilo lenye makosa. Uvimbe wa majimaji unaoonekana sana katika taya huanzia kwenye ncha ya mzizi wa jino lililokufa. Lakini uko mwingine, wa nadra, usiotokana na jino bovu, na hapo meno mazima hung'olewa bure.

Chukua ile iitwayo sisti sahili ya mfupa, aliyoieleza Lucas mwaka 1929. Huwapata zaidi vijana wa chini ya miaka 20, katika taya la chini. Jina ni la sisti lakini haina utando ndani. Ni tundu tu, tupu au lenye maji kidogo. Kwa kawaida haiumi, na wengi huigundua kwa bahati wakipigwa picha ya eksirei kwa jambo jingine. Katika picha, weusi wake hupanda kati ya mizizi ya meno mithili ya vidole. Meno yenyewe yako hai: yaguse kwa barafu, mgonjwa atahisi. Daktari hufungua tundu, hukwangua kuta zake, damu hujaa na mfupa hujijenga upya. Wapo wasemao chanzo ni kugongwa. Mimi nina shaka, kwani wagonjwa wengi hawakumbuki kugongwa popote.

Nyingine ina damu. Jaffe na Lichtenstein waliitambulisha Marekani mwaka 1942. Hii yaweza kuvimbisha taya kwa haraka, na ukiifungua ovyo damu hutoka kwa wingi. Ndiyo maana daktari mwangalifu hudunga sindano kwanza, avute aone kilichomo.

Kisha kuna ile iliyojaa kitu cheupe kama jibini. Hutambaa ndani ya mfupa kimyakimya, uso usibadilike mpaka imekuwa kubwa, na hata ikitolewa yaweza kurudi baada ya miaka. Shirika la Afya Duniani liliiweka kundi la uvimbe wa kukua mwaka 2005, kisha mwaka 2017 likairudisha kwa sisti. Ikiwa mabingwa wenyewe wamebadili kauli, mwenye koleo atajuaje kwa kutazama tu?

Na hata picha haitoshi. Ameloblastoma, uvimbe unaokula taya na kuhitaji upasuaji mkubwa zaidi, huweza kufanana kabisa na sisti. Kipande cha nyama lazima kipelekwe maabara. Najua gharama inauma, lakini kukitupa kwenye pipa ni kumtibu mgonjwa kwa kubahatisha. Dai upimwe, na uombe majibu kwa maandishi. Una haki.

Kwa mtoto, mambo ni tofauti. Taya likivimba kwa wiki chache tu na meno yakaanza kulegea, usingoje vidonge viishe. Huenda ni saratani aliyoieleza Denis Burkitt mwaka 1958 kutokana na watoto aliowatibu Uganda. Hukua upesi mno, lakini husikia dawa vizuri ikiwahiwa. Mtoto wa namna hiyo afikishwe hospitali kubwa wiki hiyo hiyo.