Sheria Mbele, Mtambo Nyuma



Vyeti, matibabu, kodi na hati za ardhi vinahamishwa kutoka kwenye majalada na kuingizwa katika kompyuta. Mabadiliko hayo hatuyapingi. Jalada la karatasi huliwa na mchwa, na pengine hufichwa makusudi ili mnyonge atoe hongo. Tunachokipinga ni mabadiliko yanayoendeshwa kana kwamba mtambo ndio mradi wenyewe, na watu ni nyongeza tu.

Tutazame yaliyotokea Kenya katika mradi wa Huduma Namba. Mwezi Aprili na Mei 2019 serikali iliwaandikisha watu zaidi ya milioni 30 na kuchukua alama za vidole vyao, ilhali nchi haikuwa na Sheria ya Ulinzi wa Data. Sheria hiyo ilitiwa sahihi Novemba mwaka huohuo, taarifa zikiwa zimekwisha kukusanywa. Watetezi wa haki, wakiwemo Nubian Rights Forum, walikwenda mahakamani. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ilizuia kuchukuliwa kwa DNA za wananchi, ikaagiza mradi usiendelee mpaka pawepo kanuni kamili. Ilitambua pia kwamba wasio na hati, na wale ambao vidole vyao havisomeki, wako katika hatari ya kuachwa nje. Hata hivyo, Novemba 2020 serikali ilitangaza kuanza kutoa kadi. Tarehe 14 Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilitangua uamuzi huo, kwa kuwa tathmini ya athari inayodaiwa na sheria haikufanywa.

Basi kosa halikuwa la kompyuta. Lilikuwa kosa la mpangilio: lililopaswa kutangulia lilifuata. Na maji yakimwagika hayazoleki. Alama ya kidole ikivuja, mtu hawezi kupewa kidole kingine.

Wenye kuumia kwanza wanajulikana. Ni mkulima ambaye jembe limemfuta alama za vidole. Ni mama asiye na kitambulisho kwa kuwa wazazi wake hawakuandikishwa. Mtambo hauwachukii watu hawa, hauwaoni tu. Lakini anayefukuzwa dirishani kwa sababu jina lake halimo, kwake yote ni mamoja.

Kwa hiyo tunasema: mradi wa namna hii usipimwe kwa siku ulipozinduliwa, bali kwa hali ya yule wa mwisho katika foleni. Utaratibu wa zamani usifungwe kabla mpya haujathibitika. Watumishi wafundishwe kabla ya kukabidhiwa mitambo. Kila badiliko linaloongezwa katikati ya mradi liandikwe, lijulikane nani ameliidhinisha na litamgusa nani. Na pawepo mtu, si mashine, mwenye mamlaka ya kusikiliza malalamiko na kusahihisha kosa.

Viongozi wa walei, msisubiri wataalamu. Mpango mpya utakapoletwa katika eneo lenu, iwe ni zahanati, shule au ofisi ya chifu, ulizeni katika baraza: sheria iko wapi? Asiye na hati atahudumiwaje? Mtambo ukizimika, mgonjwa atapokelewa? Katika jumuiya ndogo ndogo, orodhesheni majina ya wanaokosa vyeti, muwasindikize kuvitafuta mapema. Kuuliza maswali hayo si kupinga maendeleo. Ni kulinda hadhi ya binadamu, ambayo maendeleo yanadai kuitumikia.