Kivinjari Kipi Hula Betri?

Twaambiwa tubadili kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, ili betri za kompyuta za shule zidumu umeme ukatikapo. Mimi sijaridhika na sifa hizi.

Mwezi wa Juni 2016 kampuni ya Microsoft ilitangaza jaribio la kuonyesha picha za video mpaka betri iishe. Edge, kivinjari chao wenyewe, kilidumu saa 7 na dakika 22. Chrome saa 4 na dakika 19. Kompyuta zilizotumika pia zilikuwa zao! Siku chache baadaye Opera nao wakapima, na mshindi akawa Opera. Lakini walikuwa wamekiwashia chao kizuizi cha matangazo. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Sisemi kwamba walidanganya. Lakini nani hapa hutazama video mchana kutwa? Sisi twasoma kurasa, na mwanga wa skrini wenyewe hula betri sana.

Tuchukue kompyuta mbili za aina moja, betri zijae, mwanga uwe sawa na kurasa zile zile, kisha tubadilishane vivinjari tupime tena. Namwomba mwalimu wa fizikia atupe Jumamosi mbili tu.