Gamu ya Kuziba Difu: Ipi Ifaayo na Ipi Isiyofaa

Wazee walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hilo lilisemwa juu ya nyumba, lakini ni kweli pia kwa gari la familia. Tone moja la oili lidondokalo chini ya difu kila usiku huonekana kuwa jambo dogo. Hata hivyo, oili ikipungua mno, meno ya gia husagika, na gia zikikwama njiani magurudumu ya nyuma huweza kujifunga ghafula. Familia ya askari, ambayo kila mara huhamishwa na mizigo yake kutoka kambi hadi kambi, haina budi kulichunga jambo hili kabla ya safari.

Difu ni lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli. Kazi yake ni kupokea nguvu za injini na kuzigawia magurudumu. Wengi hubadili oili yake wenyewe nyumbani, nao hufanya vyema. Ila hukosea katika kuchagua kitu cha kuzibia.

Jambo la kwanza ni kutazama difu imeundwaje. Gari nyingi, kama vile Toyota Land Cruiser na Land Rover za zamani, zina vizibo viwili: cha juu cha kujazia na cha chini cha kumwagia. Katika gari hizo mfuniko haufunguliwi wakati wa kubadili oili, wala gamu haihitajiwi. Ikiwa kizibo hukaa juu ya washa, washa mpya yatosha. Gari nyingine, kama baadhi ya Jeep, zina mfuniko wa bati uliofungwa kwa bolti nyuma ya difu. Hapo ndipo suala la gamu huingia.

Mfuniko ukiwa una gasketi ya mpira na chuma iliyotengenezwa kwa ajili yake, gamu isiongezwe, kwa kuwa huifanya gasketi iteleze na kuhama mahali pake. Ikiwa hakuna gasketi, itumike silikoni ambayo kasha lake limeandikwa kwamba yavumilia oili ya gia. Oili ya difu hutiwa dawa za kulinda meno yanayosuguana kwa nguvu, na dawa hizo huweza kuilainisha silikoni ya kawaida. Silikoni ya vioo na mabafu, yenye harufu kali ya siki, isitumiwe kamwe: mvuke wake huweza kutia chuma kutu. Iko pia gamu ikaukayo pale tu inapokosa hewa katikati ya vyuma viwili. Hiyo hufaa nyuso nene zilizochongwa sawasawa, lakini haifai mfuniko wa bati, ambao hupindika kidogo.

Kazi yenyewe ina utaratibu wake. Gari liwekwe mahali tambarare, magurudumu yazuiwe kwa mawe, na kama litainuliwa, likalie vigingi imara, si jeki peke yake. Kizibo cha kujazia kifunguliwe kwanza; kikikataa kufunguka baada ya oili kumwagwa, gari litabaki halina oili wala njia ya kuitia. Gamu ya zamani ikwanguliwe yote, na nyuso zote mbili zipanguswe hadi zikauke kabisa. Petroli ikitumika, moto, sigara na watoto viwe mbali.

Gamu mpya ipakwe kwa mstari mmoja usiokatika, wenye unene wa milimita 3 hivi, ukipita upande wa ndani wa matundu ya bolti. Ikizidi, hubanwa ikaingia ndani, ikakatika na kuelea katika oili. Mfuniko urudishwe kabla gamu haijafanya ngozi, na bolti zikazwe kidogo kidogo kwa kupishana, upande huu kisha upande wa pili. Maelekezo ya kasha yasomwe. Kwa silikoni nyingi, saa 24 ndizo za kukauka kabisa. Kisha oili itiwe mpaka ifike ukingo wa chini wa tundu la kujazia.

Iwapo oili yavuja tena, gamu isilaumiwe upesi. Difu ina pumulio dogo, na likizibwa na matope, hewa ya moto hukosa pa kutokea na kuisukuma oili nje kupitia sili. Oili hiyo huweza kufika hata kwenye breki. Kulisafisha pumulio hilo hakugharimu kitu.

Oili chafu isimwagwe mtaroni wala karibu na kisima. Itiwe katika debe lenye kifuniko na kupelekwa karakana inayopokea oili kuukuu. Asubuhi baada ya safari ya kwanza, kipande cha gazeti kitandikwe chini ya difu: kikibaki kikavu, familia na isafiri.