Mzazi, Unajua Umuulize Nani?

Hebu tumchukue mama mmoja wa Bula Pesa, mjini Isiolo. Kitinda mimba wake yuko katika chekechea isiyokuwa na mwalimu tangu muhula uanze. Kaka mtu yuko shule ya msingi, na kila mara hurudishwa nyumbani kwa pesa ambazo hakuna aliyeeleza ni za nini. Mama afunga safari hadi afisi za kaunti. Aambiwa la mkubwa haliwahusu. Aenda kwa mwalimu mkuu. Aambiwa la mdogo si lake. Jioni arudi na vumbi tu miguuni.

Wote wawili walisema kweli. Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na sekondari zilibaki mikononi mwa Serikali ya Kitaifa. Kinachowachanganya wengi ni Bodi ya Elimu ya Kaunti, iliyoundwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Ina jina la kaunti, lakini si ya gavana. Katibu wake ni Mkurugenzi wa Elimu wa Kaunti, aliye chini ya Wizara. Ni jukumu la bodi hiyo kuandaa ripoti za shule za kila mwaka pamoja na takwimu.

Takwimu hizo si mchezo, maana fedha za serikali hufika shuleni kwa kuhesabu vichwa. Majina ya wanafunzi hewa yakiingizwa, fedha za umma zaliwa. Nao mfumo wa NEMIS, ulioanza 2017, ulidai nambari ya cheti cha kuzaliwa. Sasa mfikirie mtoto aliyezaliwa manyattani huko Merti au Oldonyiro, mbali na afisi ya msajili. Darasani yupo, kwenye hesabu hayupo!

Tufanyeje basi? La chekechea, mwendee diwani wako na waziri wa elimu wa kaunti. La shule ya msingi, anza na bodi ya usimamizi. Humo mna wajumbe sita waliochaguliwa kuwakilisha wazazi na jamii. Waulize mkutanini: tuna wanafunzi wangapi, tulipokea ngapi, zilitumikaje? Kumbuka pia kwamba mchango wowote sharti uidhinishwe na Waziri baada ya kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, utolewe risiti, na mtoto asifukuzwe kwa kuukosa. Ndivyo sheria isemavyo.

Wakikunyamazia, andika barua. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 yaitaka afisi ya umma ikujibu katika siku 21.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Ripoti inayopanda hadi Nairobi bila kumpitia mzazi ni daftari lililofungwa. Lifungue, mzazi mwenzangu.

Hadi Jumapili ijayo.