TUMECHUKUA UPANGA, TUMEACHA NGAO

Wananchi wa Magomeni, hapa Mtwara, waujua sana ujumbe ule: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Mama ntilie apoteza mtaji, mvuvi apoteza mauzo ya wiki nzima, na mwizi hajulikani yu ng'ambo gani ya Ruvuma. Mwizi huyo hapandi mtumbwi wala haonyeshi hati mpakani, lakini mamlaka ya polisi wetu yakomea mtoni. Kwa sababu hiyo mataifa hayana budi kukubaliana.

Nayo yamekubaliana. Nchi za Ulaya na rafiki zao zilifanya Mkataba wa Budapest mwaka 2001. Umoja wa Afrika ulipitisha wake mjini Malabo mwaka 2014. Tarehe 24 Desemba 2024 Umoja wa Mataifa ukapitisha wa dunia nzima.

Nchi yetu ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015. Hatuilaumu Serikali kwa kutaka kumkamata mwizi. Twauliza tu: katika mikataba ile tulichukua nini, tukaacha nini? Upanga ni wa kumpiga mhalifu, ngao ni ya kumkinga asiye na hatia. Kifungu cha 15 cha Budapest chataka upekuzi uwe na mipaka na, panapofaa, usimamiwe na mahakama au chombo kingine kilicho huru. Lakini kifungu cha 31 cha sheria yetu ya 2015 kilimpa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kuamuru upekuzi bila kwenda kwanza kwa hakimu. Leo simu ya mwananchi ndiyo benki yake, ndiyo barua zake, ndiyo siri ya nyumba yake. Hatukumwondoa mkoloni ili siri hiyo ifunguliwe kwa neno la askari peke yake.

Wako watakaosema: tukimngoja hakimu mwizi atakimbia. Sivyo. Mkataba huohuo waonyesha njia: kampuni ya simu huamriwa upesi isifute kumbukumbu, kisha kibali kikatafutwa.

Mkataba wa Malabo nao wakataza sheria za usalama wa mtandao kuvunja katiba na haki za watu. Ulianza kutumika tarehe 8 Juni 2023, nchi 15 zilipokwisha kuuridhia. Msumbiji, jirani zetu wa ng'ambo, walikuwamo katika hizo 15. Tanzania haikuwamo. Sisi tuliohubiri umoja wa Afrika tangu mwanzo, ilikuwaje tukaachwa ufukoni?

Twasema wazi: amri ya kupekua simu na kompyuta itoke kwa hakimu, na yaliyoandikwa Malabo yawe sheria hapa kwetu. Wanachama, lipelekeni jambo hili katika mikutano ya matawi, mkawaulize wabunge wenu. Mwizi akamatwe, na mwananchi alindwe. Moja bila ya jingine si haki.

Uhuru na Umoja!